George Murray Humphry

Sir George Murray Humphry (Sudbury, Suffolk, 18 Julai 1820 – Cambridge, 24 Septemba 1896) alikuwa daktari mpasuaji na mwanaanatomia wa Uingereza. Alifanya kazi karibu maisha yake yote ya utu uzima mjini Cambridge, kwanza kama mpasuaji wa Hospitali ya Addenbrooke's, halafu kama profesa wa anatomia ya binadamu (1866–1883) na hatimaye kama profesa wa kwanza wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Cambridge (1883–1896).

Anakumbukwa kwa mambo matatu hasa: kuijenga upya shule ya tiba ya Cambridge, uchunguzi wake wa mifupa na viungo vya mwili, na upasuaji wa kiungo cha taya alioutolea taarifa mwaka 1856. Upasuaji huo wa kukata na kuondoa kichwa cha taya la chini hutajwa hadi leo mwanzoni mwa historia ya tiba ya ukuaji uliopita kiasi wa kiungo hicho.

Maisha ya awali na elimu

Humphry alizaliwa Sudbury, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu wa kiume wa William Wood Humphry, mwanasheria. Kaka yake, William Gilson Humphry, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na alishiriki katika kazi ya kusahihisha tafsiri ya Kiingereza ya Agano Jipya.

Baada ya kusoma katika shule za Sudbury na Dedham, mwaka 1836 alipelekwa kujifunza kazi kwa John Green Crosse, mpasuaji wa hospitali ya mji wa Norwich. Hospitali hiyo ilijulikana sana kwa upasuaji wa kutoa mawe ya kibofu cha mkojo, ugonjwa uliokuwa wa kawaida katika eneo lile. Wakati huo vijana wengi waliingia katika upasuaji kwa njia hiyo: kukaa miaka kadhaa chini ya fundi mzoefu, kumtazama na kumsaidia, kabla ya kwenda chuoni.

Mwaka 1839 alihamia London kuendelea na masomo katika Hospitali ya St Bartholomew's. Huko aliathiriwa na walimu kama William Lawrence, Peter Mere Latham na hasa James Paget, aliyekuwa bado kijana. Mwaka 1840 alifaulu mtihani wa kwanza wa shahada ya tiba wa Chuo Kikuu cha London na kupata medali ya dhahabu katika anatomia na fiziolojia, ingawa hakurudi kufanya mtihani wa mwisho. Alipata kibali cha kufanya kazi ya upasuaji mwaka 1841, na cha kutoa dawa mwaka 1842.

Mpasuaji wa Addenbrooke's

Tarehe 31 Oktoba 1842 Humphry alichaguliwa kuwa mmoja wa wapasuaji wa Hospitali ya Addenbrooke's. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu, na inasemekana hakukuwa na mpasuaji wa hospitali mwenye umri mdogo kuliko yeye katika Uingereza nzima.

Mara alianza kufundisha wanafunzi kando ya vitanda vya wagonjwa na kutoa mihadhara ya upasuaji. Mwaka 1847 aliombwa kumsaidia profesa William Clark kwa kufundisha anatomia ya binadamu. Kwa kuwa hakuwa na shahada ya Cambridge, mwaka huohuo alijiandikisha katika Chuo cha Downing, akiwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Alipata shahada ya kwanza ya tiba mwaka 1852 na udaktari wa tiba mwaka 1859.

Miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa ya mabadiliko makubwa. Etha ilionyeshwa hadharani kama dawa ya usingizi mjini Boston, Marekani, mwezi Oktoba 1846, na klorofomu ilianza kutumika Edinburgh mwaka 1847. Tangu hapo mpasuaji aliweza kufanya kazi polepole na kwa uangalifu juu ya mgonjwa aliyelala. Lakini hatari kubwa zaidi, yaani kuoza kwa jeraha, ilikuwa bado ipo palepale: Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867 tu. Kwa takriban miaka ishirini, kila jeraha lililofunguliwa kwa kisu lilikuwa na uwezekano wa kumuua mgonjwa siku kadhaa baada ya upasuaji wenyewe kwenda vizuri.

Upasuaji wa kiungo cha taya

Tatizo lenyewe

Taya la chini linaungana na fuvu mbele kidogo ya masikio. Kila upande lina ncha ya mviringo, iitwayo kichwa cha taya au kondili, inayokaa katika kishimo cha mfupa wa panja. Mtu akiweka vidole mbele ya masikio na kufungua kinywa, atasikia ncha hizo zikisogea.

Katika ukuaji wa kawaida, gegedu inayofunika vichwa hivyo viwili hutengeneza mfupa mpya kwa kiasi kinacholingana, mpaka ujana unapokwisha. Kwa watu wachache kichwa kimoja hukua kupita kiasi au huendelea kukua wakati kile kingine kimeshasimama. Hali hiyo huonekana zaidi kuanzia wakati wa kubalehe hadi miaka ya ishirini na kitu, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Taya hurefuka upande mmoja. Kidevu husukumwa kuelekea upande wa pili. Meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa, na kutafuna huwa kwa shida. Wengine hupata maumivu au kinywa kushindwa kufunguka vizuri. Uso uliokuwa wa kawaida utotoni hupinda pole kwa pole, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1836 Robert Adams, mpasuaji wa Dublin nchini Ireland, alieleza kichwa cha taya kilichoongezeka ukubwa na jinsi kilivyoupotosha uso. Adams aliihesabu hali hiyo pamoja na baridi yabisi sugu ya viungo, ugonjwa alioufanyia uchunguzi kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 mambo ambayo leo hutenganishwa yalikuwa bado yamechanganyika: ukuaji wa kupita kiasi, uvimbe wa mfupa, na mabaki ya uvimbe wa kiungo.

Utambuzi bila eksirei

Daktari wa wakati huo hakuwa na picha yoyote ya mfupa ulio ndani ya mwili. Alitegemea macho, vidole na historia ya mgonjwa. Alitazama kama mstari wa katikati ya meno ya chini umehama, akapima kwa mkono urefu wa taya kila upande, akagusa mbele ya sikio wakati mgonjwa akifungua na kufunga kinywa, na kuuliza mabadiliko yalianza lini na kama bado yanaendelea.

Mtego mkubwa ni kwamba uso uliopinda hausemi wenyewe ni upande upi wenye kasoro. Kidevu kinaweza kuhamia kushoto kwa sababu taya la kulia limekua mno, lakini kinaweza pia kuhamia kushoto kwa sababu la kushoto lilivunjika au kuugua utotoni likaacha kukua. Anayekosea hapo hukata kiungo kizima na kuacha kile chenye ugonjwa. Ndiyo maana ujuzi wa anatomia na wa ukuaji wa mifupa ulikuwa na uzito kuliko wepesi wa mkono.

Taarifa ya mwaka 1856

Mwaka 1856 Humphry alichapisha taarifa ya kuondoa kichwa cha taya la chini katika jarida la Association Medical Journal, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la British Medical Journal. Waandishi wa historia ya upasuaji wa taya huihesabu kuwa taarifa ya kwanza iliyochapishwa kuhusu upasuaji wa aina hiyo. Wanaoandika juu ya ukuaji uliopita kiasi humtaja kama mwanzilishi wa tiba yao, na wanaoandika juu ya viungo vya taya vilivyokakamaa humtaja vilevile.

Eneo lenyewe ni la hatari. Neva inayoendesha misuli ya uso hupita karibu na kiungo. Ikikatwa, jicho halifumbiki na mdomo hulegea upande mmoja. Ateri ya panja hupanda mbele ya sikio, na ateri nyingine kubwa hupita nyuma ya shingo ya taya, upande wa ndani, mahali ambapo ni vigumu kuzuia damu ikianza kutoka. Sakafu ya ubongo iko juu ya kishimo cha kiungo, na kati yake kuna mfupa mwembamba sana. Kabla ya mwaka 1867 ilimbidi mpasuaji ajiulize pia kama ni halali kumweka mgonjwa katika hatari ya sumu ya jeraha kwa ajili ya kasoro isiyoua. Waliokuwa wakiishi na hali hiyo, hasa vijana, walikuwa na jibu lao: kushindwa kutafuna na kuonekana na uso uliopotoka si jambo dogo.

Utafiti kuhusu ukuaji wa taya

Miaka iliyofuata Humphry alirudi kwenye taya kwa njia nyingine. Alitaka kujua taya hukua vipi hadi kupata nafasi ya meno ya nyuma ambayo mtoto mdogo hana. Katika karne ya 18 John Hunter alikuwa ameeleza kwamba taya halitanuki kama mpira. Bali mfupa mpya huongezwa nyuma huku ule wa mbele ukiondolewa.

Humphry alilijaribu wazo hilo kwa nguruwe wachanga. Alizungushia waya kwenye kingo za tawi la taya, yaani sehemu inayopanda kuelekea sikioni: pete moja ukingo wa mbele na nyingine ukingo wa nyuma. Nguruwe walipokua, waya wa mbele ulionekana kulegea na kuachwa wazi, kwa kuwa mfupa uliokuwa ndani yake ulikuwa umeondolewa. Waya wa nyuma ulizama ndani ya mfupa, kwa kuwa mfupa mpya ulikuwa umewekwa juu yake. Hivyo tawi zima husogea nyuma pole kwa pole, na nafasi ya magego hupatikana mbele yake.

Matokeo hayo, aliyoyatoa Cambridge mwaka 1864, yangali yakitajwa katika vitabu vya madaktari wa kunyoosha meno. Kwa suala la kiungo cha taya yana maana ya moja kwa moja: mfupa si kitu kilichokufa bali hujengwa na kubomolewa kila siku, na sura ya taya hutokana na uwiano wa kazi hizo mbili. Upande mmoja ukizidi kujenga, uso hupinda.

Anatomia ya mifupa na viungo

Mwaka 1858 alitoa kitabu kikubwa juu ya mifupa ya binadamu pamoja na viungo vyake. Badala ya kuorodhesha tu matuta na vishimo vya kila mfupa, alieleza umbo kwa kuangalia kazi: kwa nini goti lina sura lililo nayo, uzito wa mwili hupitia wapi, na mfupa hukua kutoka upande upi. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Jina lake limebaki katika goti. Ligamenti ya Humphry ni uzi mwembamba unaotoka kwenye gegedu ya nje ya goti na kupita mbele ya ligamenti kubwa ya msalaba ya nyuma hadi kwenye mfupa wa paja. Si watu wote walio nayo. Wataalamu wanaosoma picha za goti hufundishwa kuitambua ili wasiidhanie kuwa kipande cha gegedu iliyochanika.

Aliandika pia kitabu juu ya mguu na mkono wa binadamu (1861) na kingine kuhusu misuli (1872). Mwaka 1866 alishiriki kuanzisha Journal of Anatomy and Physiology, jarida ambalo bado linatoka kwa jina la Journal of Anatomy. Chama cha wanaanatomia wa Uingereza na Ireland kilipoanzishwa mwaka 1887, yeye alikuwa rais wake wa kwanza.

Michango mingine ya kitabibu

Mwaka 1859 alichapisha kitabu juu ya kuganda kwa damu ndani ya vena za mtu aliye hai, jambo linaloweza kuua ghafla donge likisafiri hadi mapafuni. Alikuwa pia mmoja wa wapasuaji wa kwanza Uingereza kufanikiwa kutoa uvimbe kutoka katika kibofu cha mkojo cha mwanamume.

Katika miaka ya 1880 aliongoza kamati ya Chama cha Madaktari cha Uingereza iliyokusanya habari za magonjwa kwa kuwatumia madaktari wa kawaida karatasi za maswali. Wakati huo lilikuwa wazo geni: kwamba daktari wa kijijini, akijaza karatasi kwa uangalifu, anachangia elimu sawa na profesa. Kutokana na kazi hiyo Humphry alitoa mwaka 1889 kitabu kuhusu uzee, chenye habari za watu karibu 900 waliofikia umri wa miaka 80 au zaidi, wakiwemo 74 waliosemekana kupita miaka 100. Alichunguza chakula chao, usingizi, meno, viungo na tabia zao.

Ujenzi wa shule ya tiba

Humphry alipofika, tiba ilikuwa somo dogo sana Cambridge na wanafunzi wake walikuwa wachache. Wengi waliamini kwamba udaktari halisi unajifunzwa London, na kwamba mji mdogo hauwezi kuwa na wagonjwa wa kutosha. Humphry, pamoja na tabibu George Paget, kaka wa James Paget, walipinga wazo hilo kwa vitendo. Waliunganisha mihadhara ya chuo kikuu na wodi za hospitali, wakadai mitihani ifanyike mbele ya wagonjwa halisi, na wakadai maabara na mkusanyo wa vielelezo.

Clark alipostaafu mwaka 1866, Humphry alichukua uprofesa wa anatomia ya binadamu. Kuja kwa mwanafiziolojia Michael Foster mwaka 1870 kuliongeza nguvu. Mwaka 1883 Humphry aliacha nafasi hiyo, iliyokwenda kwa Alexander Macalister, akachukua uprofesa mpya wa upasuaji. Chuo hakikuwa na fedha za kuulipia, naye alikubali kuufanya mwanzoni bila mshahara. Kufikia mwisho wa maisha yake, shule ya tiba ya Cambridge ilikuwa miongoni mwa shule kubwa za nchi.

Mwaka 1880 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilifanya mkutano wake wa mwaka Cambridge, naye akawa rais. Mwaka 1891 Malkia Viktoria alimpa cheo cha Sir.

Maisha binafsi na kifo

Mwezi Septemba 1849 alimwoa Mary McNab, binti wa mpasuaji wa Epping. Walipata mtoto wa kiume, Alfred Paget Humphry, aliyekuja kuwa mshindi maarufu wa mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki, na mtoto wa kike.

Humphry alifariki nyumbani kwake, Grove Lodge, tarehe 24 Septemba 1896, akiwa na umri wa miaka 76. Alizikwa katika makaburi ya Mill Road mjini Cambridge. Mwanzoni mwa mwaka huohuo magazeti yalikuwa yametangaza ugunduzi wa eksirei uliofanywa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani. Aliishi basi hadi kuiona siku ambayo mifupa iliweza kutazamwa bila kisu, lakini kazi yake yote ilikuwa imefanyika kabla yake.

Urithi

Katika karne ya 20 ukuaji uliopita kiasi wa kichwa cha taya ulitenganishwa wazi na magonjwa mengine ya kiungo. Martin Rushton wa Uingereza aliandika juu yake mwaka 1944 na 1946, na mwaka 1986 Hugo Obwegeser na Miroslav Makek walionyesha sura zake mbili kuu: ile ambayo nusu ya taya hunenepa na kushuka chini, na ile ambayo hurefuka na kusukuma kidevu upande wa pili.

Leo utambuzi hufanywa kwa kulinganisha picha za zamani za mgonjwa, kupima meno yanavyokutana, eksirei na picha za kompyuta. Skani ya mifupa kwa dawa yenye mnururisho hafifu huonyesha kama kichwa cha upande mmoja kinajenga mfupa kwa kasi zaidi ya kingine. Ikiwa ukuaji bado unaendelea, mpasuaji anaweza kukata tabaka la juu la kichwa cha taya, milimita chache tu, ili kuondoa sehemu inayokua. Ikiwa umesimama, mara nyingi kiungo huachwa na mifupa ya taya hupangwa upya pamoja na meno.

Uamuzi huo unategemea swali lilelile ambalo Humphry alilifuatilia kwa kisu mwaka 1856 na kwa waya mwaka 1864: mfupa huu unakua wapi, na je, umeacha kukua? Vifaa vya kulijibu vimebadilika. Mpasuaji asiyelijibu kwanza bado anaweza kukata upande usiohitaji kukatwa, au kunyoosha uso ambao baada ya miaka miwili utapinda tena.

Maandishi yake makuu

Kitabu cha mifupa ya binadamu pamoja na viungo (1858)
Kitabu cha kuganda kwa damu katika vena za mtu aliye hai (1859)
Kitabu cha mguu na mkono wa binadamu (1861)
Uchunguzi juu ya misuli (1872)
Kitabu cha uzee (1889)